Unauguza hospitalini? Hivi ndivyo ninavyochagua cha kula na kunywa, iwe getini au kwenye mashine

Mama alilazwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Mara ya kwanza hapa hapa Pemba, mara ya pili tulivuka naye kwenda Unguja, na mara ya tatu alikuwa Muscat, Oman, kwa dada yangu aliyeolewa huko. Zote tatu nilimuuguza mimi. Mimi ni fundi cherahani, kazi yangu naweza kuifunga na kuifungua, na mama mwenyewe alishasema hataki kuogeshwa na mtu mwengine. Ana sukari ya miaka mingi, na presha ikamfuata baadaye.

Katika kuuguza huko nimeliona jambo moja ambalo sikuambiwa na mtu. Mgonjwa hupangiwa chakula. Anayeuguza hapangiwi. Anakula kinachouzwa karibu, saa anayopata nafasi, na mara nyingi njaa imeshamfika shingoni. Tena kila kinachomfika mgonjwa nje ya kile alichopangiwa kinapita kwenye mkono wa huyo huyo anayeuguza. Maelezo haya nimeyaandika kwa ajili ya mkono huo.

Kwanza ujue kwa nini vinauzwa hivyo vinavyouzwa

Muscat, kwenye ukumbi wa ghorofa aliyolazwa mama, kulikuwa na mashine ya kuuza vitafunio. Ni kabati refu la kioo, ndani limepangwa waya zilizojikunja kama springi za godoro, na kila springi imebana paketi zake. Unatia pesa, unabonyeza namba, springi inazunguka, paketi inaanguka chini, unainama unaichukua. Pembeni yake ipo nyengine ya vinywaji baridi, na ya tatu ya chai na kahawa. Saa nane za usiku, duka la chini limefungwa, mashine hizo ndizo zilizokuwa macho pamoja na sisi.

Siku ya pili nilisimama nikavitazama kimoja kimoja. Chokoleti, biskuti za krimu, chipsi za paketi, keki zilizofungwa, soda, juisi. Nikafahamu kwamba hakuna aliyekaa akapanga kutudhuru. Kitu kinachokaa ndani ya kabati wiki nzima, pengine mwezi, bila ya mpishi, lazima kiwe hakiozi. Na visivyooza, vingi vyake ni vikavu vilivyojaa sukari, vilivyojaa chumvi, au vilivyokaangwa. Duka la getini kwetu halina springi, lakini sababu ni hiyo hiyo: umeme ukikatika, mwenye duka hatupi biskuti, anatupa maziwa.

Kwa hivyo hatua ya kwanza ni kutosimama mbele ya mashine au duka ukiwa na njaa kali. Nimejaribu mara nyingi, na kila mara mkono ulikwenda kwenye kitu kitamu kabla akili haijafika. Kula hata yai moja uliloleta nyumbani, kunywa maji, halafu ndiyo uende ukachague.

Pima kwa vijiko, usipime kwa macho

Hili nililifundishwa na nesi mmoja Unguja, kwa sentensi mbili tu. Gramu nne za sukari ni kijiko kidogo kimoja cha chai, cha kusawazisha. Chukua gramu zilizoandikwa kwenye chupa, gawa kwa nne, utapata vijiko.

Siku hiyo nilikuwa na soda ya mililita 300 mkononi, ya kwangu mwenyewe, si ya mama. Ubavuni imeandikwa sukari gramu 10.6 kwa kila mililita 100. Mara tatu, zinakuja karibu gramu 32. Gawa kwa nne, vijiko vinane. Nilikuwa na kikopo cha sukari kwa ajili ya chai yangu, na kisahani cha kikombe. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda nikahesabu: kimoja, viwili, vitatu. Kufikia cha tano kisahani kilishakuwa na kichuguu. Cha nane kilimwagika kwenye shuka.

Mama alikuwa ananitazama tu. Akaniuliza, "Hii yote, mwanangu?"

"Yote, mama."

"Na wewe unakunywa mbili kwa siku, tokea tumekuja."

Sikuwa na la kujibu. Siku ile ndiyo niliyoacha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linapendekeza sukari ya kutiwa na ile ya kwenye juisi isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ya chakula cha siku, na ingekuwa bora ishuke mpaka nusu ya hapo, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi. Hivyo ni vijiko sita. Chupa yangu moja ilikuwa imeshaupita mpaka huo.

Ukisoma maandishi ya paketi, angalia safu uliyoisoma. Mara nyingi kuna safu mbili: moja ya gramu 100 au mililita 100, na nyengine ya kipimo kimoja cha kula. Hicho kipimo kimoja ndicho kinachowapoteza watu. Paketi inaweza kuandikwa biskuti tatu ndiyo kipimo, na ndani zimo kumi na mbili, na hakuna anayekula tatu akaifunga akiwa anasubiri majibu ya daktari. Ukitaka kulinganisha vitu viwili, tumia safu ya 100 kwa vyote viwili. Ukitaka kujua umekula nini, hesabu paketi nzima.

Mstari wa sukari uko chini ya mstari wa wanga. Bidhaa nyingi zetu zinatoka Oman na Dubai, na zimeandikwa Kiarabu upande mmoja. Aliyesoma chuo cha Kurani atalitambua neno sukkar bila ya shida, hata kama hajui Kiarabu cha kuzungumza. Orodha ya vilivyomo huanza na kilicho kingi kuliko vyote kwa uzito na kumalizia na kilicho kidogo, kwa hivyo sukari ikitajwa ya kwanza au ya pili, basi umeshika sukari iliyotiwa vyengine. Na ina majina mengi: glukosi, fruktosi, dekstrosi, maltosi, sirapu ya mahindi, asali. Zote zihesabu.

Nina namba sita nimeziandika kwenye karatasi, zimo ndani ya kifuko cha simu. Ni za mfumo wa rangi za taa za barabarani unaotumika kwenye paketi za vyakula Uingereza. Kwa chakula, kwa kila gramu 100: sukari isiyozidi gramu 5 ni kijani, ikipita gramu 22.5 ni nyekundu. Chumvi isiyozidi gramu 0.3 ni kijani, ikipita gramu 1.5 ni nyekundu. Kwa vinywaji mpaka wa sukari ni mkali zaidi: kijani haizidi gramu 2.5 kwa mililita 100, na nyekundu inaanza ikipita 11.25. Angalia hapo: kwa hesabu hiyo ya mililita 100 peke yake, ile soda yangu ya 10.6 haikufika hata kwenye nyekundu. Rangi inakupa mwanzo tu, vijiko ndivyo vinavyokwambia ukweli.

Vinavyojifanya dawa

Hapa ndipo ninapotaka usome taratibu, kwa sababu hapa ndipo tulipoumia.

Kwetu, mtu akienda kumkagua mgonjwa haendi mikono mitupu. Ni mila nzuri na sitaki ife. Lakini anachobeba siku hizi ni juisi ya boksi, malti, na kopo la glukosi. Wiki ya kwanza ya mama, kabati la pembeni ya kitanda lilikuwa na boksi saba za juisi. Kila aliyekuja alimmiminia glasi kwa upendo kabisa, "Kunywa, bibi, upate nguvu." Na mimi nilikuwa nashukuru. Jioni moja alipopimwa sukari, kipimo kilisoma 19 (milimoli kwa lita), juu sana. Daktari aliniuliza amekula nini. Nikajibu kwa dhati kabisa: hajala kitu, amekunywa juisi tu.

Juisi ya boksi, hata ile iliyoandikwa haikutiwa sukari, ina sukari ya tunda lenyewe, na kwa vinywaji kama chungwa au zabibu kiasi hicho hakiko mbali na cha soda. Tunda likikamuliwa, ufumwele, yaani nyuzinyuzi zake, unabaki nyuma na sukari inaingia mwilini haraka. Tena soma jina: juisi ni juisi, nekta ni juisi iliyoongezwa maji na mara nyingi sukari, na kinywaji chenye ladha ya tunda kinaweza kuwa na tunda dogo sana ndani yake. Asilimia ya tunda huandikwa. Ikiwa ni 10, zilizobaki nyingi ni maji na sukari.

Malti watu wanasema inaongeza damu. Niliyoishika mimi ilikuwa na sukari kama soda. Mwenye upungufu wa damu anahitaji dawa aliyoandikiwa na daktari, na chakula chenye madini ya chuma: maini, dagaa, nyama, kunde, mchicha, pamoja na chungwa au ndimu ili madini hayo yaingie vizuri. Na glukosi ya kopo karibu yote ni sukari yenyewe. Kumtilia mgonjwa wa kisukari vijiko vitatu vya glukosi kwenye uji ni sawa na kumtilia vijiko vitatu vya sukari, ila watu hawaoni hivyo kwa kuwa kopo linauzwa duka la dawa.

Siku ambayo soda ndiyo inayotakiwa

Usije ukatoka hapa ukatupa kila kitu kitamu. Sukari ya mgonjwa inaweza pia kushuka, hasa anayetumia insulini akakosa kula. Mama ilimtokea Unguja alfajiri moja: jasho jembamba kwenye paji la uso, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Nikakimbilia nesi. Kipimo kilisoma 3.1, na chini ya 4 tayari ni hatari. Nesi alimpa nusu glasi ya soda ya kawaida, akakaa naye robo saa, akampima tena.

Kipimo chake ni gramu 15 hivi za sukari ya haraka: vijiko vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, au mililita 150 za soda au juisi. Soda isiyo na sukari haifai kitu hapo. Ikipanda, mpe na chakula cha kweli, mkate au uji, ili isianguke tena. Na mgonjwa asiyeweza kumeza au aliyepoteza fahamu usimtie kitu chochote mdomoni, piga kelele wauguzi waje. Kwa sababu hiyo, boksi moja ndogo ya juisi ilibaki kwenye kabati letu mpaka siku tuliyoruhusiwa, na kila aliyenipokea zamu nilimuonesha ilipo na kumwambia ni ya nini.

Chumvi

Chumvi haina utamu wa kukushtua. Mpaka wa Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kidogo kimoja kwa vyakula vyote pamoja, na mkate nao una chumvi. Paketi nyingi haziandiki chumvi, zinaandika sodiamu. Zidisha kwa 2.5. Tambi za paketi, zile za kutia maji moto, nilizisoma: sodiamu miligramu 1,500. Hiyo ni chumvi gramu 3.75 kwenye bakuli moja. Ukibanwa na ukawa huna chengine, tia nusu ya kile kikaratasi cha viungo, na supu iliyobaki uimwage. Chipsi za paketi, soseji na achari vyote viko kundi hilo. Mwenye presha au moyo asivionje kabisa.

Usiku

Kijana wa dada yangu alikuwa akinipokea usiku, na alikuwa akikesha kwa kopo mbili za vinywaji vya kuongeza nguvu. Kopo la mililita 250 la aina inayojulikana sana lina kafeini miligramu 80 na sukari gramu 27, karibu vijiko saba. Saa kumi za alfajiri alikuwa anatetemeka kuliko mgonjwa. Nilimpa chupa ya chai yenye kahawa chungu ya kununua kwa muuza kahawa, ile ya kikombe kidogo, na njugu. Kafeini ipo, sukari haipo. Ila kashata inayouzwa pamoja nayo muachie mwenyewe.

Kwenye mashine ya vinywaji vya moto, kumbuka kitu kimoja: kitufe cha sukari unakibonyeza kabla ya kuchagua kinywaji. Kile chenye alama ya kutoa, bonyeza mpaka vitaa vyote vizimike. Chai ya karaki ya Muscat, ile ya maziwa na viungo, inakuja imeshachanganywa na sukari, huwezi kuipunguza, kwa hivyo iache au igawane na mwenzio.

Na kwenye mashine ya baridi nilikuwa nachukua maji, au laban, ambayo ni ndugu wa mtindi wetu ila ni nyepesi. Isiyo na ladha, maana zile za embe na stroberi zina sukari yake, na mwenye presha aangalie chumvi yake pia. Springi za njugu na lozi zilikuwa pembeni chini kabisa, si mbele ya macho. Inama. Oman soda imetiwa ushuru wa asilimia 50 na vinywaji vya kuongeza nguvu asilimia 100 tangu Juni 2019, kwa hivyo pale maji yananunulika zaidi kuliko yote.

Kikapu

Haya yote ni ya dharura. Kinachokuokoa hasa ni kikapu ulichokitayarisha nyumbani. Changu cha ukindu kilikuwa na mayai mawili ya kuchemsha, njugu konzi moja isiyotiwa chumvi, viazi vitamu au muhogo wa kuchemsha, machungwa mawili, tango, na chupa kubwa ya maji. Siku nikipata mkate wa mofa nilichukua, kwa kuwa ni mkavu na haubadiliki mpaka jioni. Hata hivyo mofa ni wanga, na mgonjwa wa sukari ana kipimo chake.

Cha nazi usikichukue kwa ajili ya baadaye. Wali wa nazi, mbaazi za nazi, samaki wa kupaka, vyote vinachacha haraka kwa joto letu. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili nje, isipokuwa kiko kwenye hotipoti na bado kinafuka moshi unapofungua. Mama aliletewa kunde za nazi saa sita, akazila saa kumi, akaharisha usiku kucha, na mwenye kuharisha hawezi kupangiwa insulini kwa urahisi.

Vya shamba navyo viulizie. Dafu ni zuri, lakini lina potasiamu nyingi, na mgonjwa wa figo anaweza kudhurika nayo, hali kadhalika ndizi. Balungi linagongana na baadhi ya dawa, kama nifedipini ya presha na simvastatini ya mafuta kwenye damu. Tende moja ndogo ina sukari ya kijiko kimoja hivi. Muulize daktari kwa jina la kitu, usimuulize "matunda anaruhusiwa?" maana atakwambia ndiyo.

Urojo wa getini saa kumi jioni sikuuacha, nasema kweli. Niliula mara moja kwa wiki, bila ya bagia za juu.

Zungumza na mwenye duka

Tuliporudi Pemba mama akawa anakwenda kliniki kila mwezi, na mimi nikamzoea kijana wa duka la pale nje. Friji yake ina kioo, safu ya mbele zote soda, maji yako chini nyuma. Nilimwambia, "Mwanangu, niwekee maji hapa juu, na uniletee njugu za kuchemsha na mayai. Nitakununulia mimi na wenzangu wa kliniki." Alianza na mayai kumi. Sasa anachemsha trei moja, na kufika saa nne yameshakwisha.

Na wewe unayekwenda kukagua

Mpigie anayeuguza kabla hujatoka nyumbani, umuulize mgonjwa anaruhusiwa nini na yeye mwenyewe amekula au hajala. Ukitaka kubeba, beba machungwa manne, chupa ya chai ya tangawizi isiyotiwa sukari, sabuni, au maji ya kunywa. Wifi yangu alikuja siku moja Unguja na hotipoti ya samaki wa kuchemsha kwa ndimu na ndizi mbichi. Akavua buibui lake, akalitundika kwenye msumari, akaniambia, "Haya wifi, toka nje ukale, mimi nipo mpaka magharibi." Nilikwenda kukaa chini ya mti pale uani, nikala kwa mikono miwili, chakula kikiwa bado cha moto.